Bwola katika Misa ya London

St John's, Smith Square, mjini London, palikuwa kanisa kabla ya kugeuzwa ukumbi wa muziki. Humo, mwaka 1972, kwaya ya Kiingereza ilisimama kuimba misa ambayo hawakuianza wao. Vipaza sauti vilitoa ngoma na sauti za Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wakicheza bwola, ngoma ya heshima ya machifu wao, ambayo wanaume huicheza kwa duara, kila mmoja na kigoma chake mkononi. Kwaya ikaingia juu yake na Sanctus ya Kilatini.

Mtunzi wa misa hiyo, African Sanctus, alikuwa David Fanshawe, kijana wa miaka 30, mzaliwa wa Devon. Kabla ya kuingia Royal College of Music alikuwa mhariri wa filamu, na nadhani huko ndiko alikojifunza kukata na kuunga, maana misa yake imepangwa kwa vipande kama filamu. Tangu 1969 alisafiri na kinasa sauti akiufuata mto Nile kutoka Misri hadi Ziwa Viktoria, kisha akaikata Sudan kutoka milima ya Marra magharibi hadi vilima vya Bahari ya Shamu. Njia hizo zikichorwa kwenye ramani zinatoa msalaba, naye alitaka uonekane.

Adhana ya Cairo aliiweka pamoja na Kyrie. Mwislamu akikereka hapo simlaumu. Wamasai na Waturkana nao wamo, na nyimbo zao za mifugo. Lakini jambo lililo gumu kuliko yote katika kazi hii ni mwendo. Utepe wa rekodi hausubiri mtu. Kiongozi wa kwaya, aliyezoea kuwaharakisha au kuwatuliza waimbaji kwa mkono wake, hapa lazima awafuate wachezaji wasiokuwapo ukumbini. Wakienda mbio, Kilatini nacho kinakwenda mbio. Na wakati London ikisikiliza, huko Uganda kwa wachezaji hao Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka tangu Januari 1971, na askari wengi wa Kiacholi walikuwa wameuawa kambini.

Miaka hiyohiyo, mkoa wa Singida nchini Tanzania ulikuwa na uhusiano na kazi ya namna nyingine ya kukusanya nyimbo. Walutheri kutoka Marekani walifika nyanda za Iramba na Unyaturu mkoani humo katika miaka ya 1920. Mmoja wa wamisionari wao, Howard Olson, aliandika uchambuzi wa lugha ya Kinyaturu. Kisha, akiwa katika chuo cha theolojia cha Makumira, alikusanya tuni za makabila ya Tanzania na kuzitoa mwaka 1968 katika kitabu Tumshangilie Mungu. Olson aliichukua tuni, akaivisha maneno ya ibada, akawarudishia waumini waiimbe wenyewe bila mashine. Kwa mwenye wimbo, naona hiyo ndiyo faida kubwa zaidi. Fanshawe hakumrudishia mtu wimbo, ila alihifadhi kile ambacho kitabu cha nyimbo hakiwezi kukibeba: koo la mwimbaji, kishindo cha miguu, kelele za uwanjani.

Tanzania nayo aliifikia. Mwaka 1975 kampuni ya Nonesuch ya Marekani ilitoa santuri za rekodi zake za Afrika Mashariki. Humo wamo Wagogo, ambao wengine wao ni wenyeji wa Manyoni, katika mkoa huohuo wa Singida, wakiimba bila kwaya yoyote juu yao.