Ugonjwa, Mapenzi na Usaliti katika Mchezo wa Redio: Mfano wa Twende na Wakati

Mchezo wa redio wa mfululizo, Twende na Wakati, ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mhusika Mkwaju ni dereva wa lori mwenye wapenzi katika vituo vya safari zake. Anamsaliti mkewe, Tunu, anaambukizwa virusi vya UKIMWI na hatimaye anafariki. Kwa hadhira ya Kwale, ambako barabara itokayo Likoni hupita Ukunda hadi Lungalunga, mpakani na Tanzania, mandhari hayo si mageni.

Utata wa mchezo huu umo katika msuko wake. Iwapo ugonjwa ni adhabu ya usaliti, kama ilivyo ada ya ngano kumwadhibu mkosaji, basi kila mgonjwa atahukumiwa kuwa msaliti, hata mke aliyeambukizwa nyumbani kwake. Makala haya yanadai kwamba Tunu ndiye anayeusahihisha msuko huo. Anamwacha mumewe, anaanzisha biashara ndogo na kujitegemea. Kwa hivyo hadithi haikomi kwenye kifo cha mkosaji, bali inamfuata aliyekosewa, na uhakiki wetu hauna budi kumfuata pia.