Kisomo au Kiswahili? Mtihani wa Watu Wazima wa 1975 na Mzungumzaji wa Kinyaturu

Agosti 1975 Tanzania ilifanya mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo cha watu wazima. Mingine ikafuata mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986, na takwimu rasmi zikaonesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 39 hadi 9.6. Mafanikio hayo hayabezwi. Swali la makala haya ni jingine: mtihani ule wa Kiswahili ulipima nini hasa kwa mtu mzima wa Mandewa, mkoani Singida, aliyelelewa, akaposa na kusuluhisha ugomvi wa mashamba kwa Kinyaturu?

Washiriki walipangwa katika hatua nne. Za chini zilihusu mahudhurio na utambuzi wa herufi, maneno na sentensi fupi. Aliyefika hatua ya tatu ndiye aliyehesabiwa kuwa amehitimu. (Jina ngumbaru, alilobandikwa mwanafunzi, lilikwisha kumpima kabla ya mtihani.) Tatizo limejificha hapo. Tahajia ya Kiswahili hufuata sauti kwa karibu mno, hivyo mtu aweza kuisoma kwa sauti pasipo kuelewa. Mwenzake, anayejua barabara kuunganisha silabi, hukwama kwa msamiati tu. Kosa la kwanza huongeza wahitimu, la pili huwapunguza, na alama moja haiwezi kuyatenganisha.

Watungaji wana utetezi wao: madarasa yaliendeshwa kwa Kiswahili, na mtihani hupima kilichofundishwa. Tena Kinyaturu kina irabu saba na toni, ilhali herufi za irabu za Kiswahili ni tano. Kukitungia mtihani wa maandishi kungedai kwanza tahajia iliyokubalika. Utetezi huo ninaukubali kwa kisomo. Siukubali pale takwimu zilezile zinapofanywa kipimo cha uwezo wa lugha wa wananchi. Sylvia Scribner na Michael Cole, katika utafiti wao wa Wavai wa Liberia uliochapishwa 1981, walitenganisha kisomo cha Kivai, cha Kiarabu na cha Kiingereza, wakaona kila kimoja kina stadi zake.

Njia nyepesi ilikuwepo, wala haikuhitaji tahajia mpya: msahiliwa asome sentensi ya Kiswahili, kisha aieleze kwa lugha aipendayo, mbele ya msahili anayezijua zote mbili.