Gundi na Bomba la Karatasi: Somo kutoka Rwanda

Tumezoea kuiona karatasi kuwa kitu dhaifu: hulowa, huchanika, huungua. Hata hivyo, Rwanda imewahi kushuhudia karatasi ikipewa kazi ya mti. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari hiyo, na kuonyesha kwamba nguvu ya karatasi hutegemea gundi.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na baada yake, watu zaidi ya milioni 2 waliyahama makazi yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liligawa maturubai ya plastiki, lakini nguzo wakimbizi walizikata wenyewe msituni, na miti ikateketea. Zikaletwa nguzo za alumini. Nazo zikauzwa kwa kuwa zilikuwa na thamani, na mashoka yakarudi msituni. Ndipo Shigeru Ban, msanifu majengo wa Kijapani aliyekuwa akitumia mabomba ya karatasi tangu 1986, alipotoa shauri kwamba nguzo ziwe za karatasi. Mwaka 1999 vibanda 50 vya namna hiyo vilijengwa kwa majaribio katika kambi ya Byumba, kaskazini ya Kigali, ili ijulikane vitafaa kiasi gani katika matumizi.

Bomba la karatasi hutengenezwaje? Ukanda wa karatasi hupakwa gundi na kuzungushwa juu ya fimbo, tabaka juu ya tabaka, kisha fimbo huchomolewa. Tabaka zikishikana barabara huwa kama mwili mmoja na hubeba uzito; zikiachana, bomba hukunjika.

Lugha yetu inazitofautisha gundi kwa kazi zake. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege; sherisi ni ya seremala; gundi ni jina la jumla. Mwalimu wa Kigali anayetaka bomba la kuhifadhia ramani anaweza kuipata yake sokoni: unga wa muhogo. Achukue sehemu 1 ya unga uliochekechwa, aukoroge kwanza katika maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha aumimine katika maji yanayochemka, maji yote yawe sehemu 6 hivi, huku akikoroga bila kupumzika. Joto lifikapo nyuzi 60 hadi 70 za sentigredi, chembe za wanga huvimba, na uji huacha weupe wa maziwa ukawa mwangavu. Auepue, auchuje kwa kitambaa, auache upoe. Ukiwa mzito mno, karatasi hukunjamana. Ukiwa mwepesi mno, huilowesha tu isishike. Mzunguko wa kwanza usipakwe gundi, bomba lisije likaganda kwenye fimbo. Likaushwe kivulini, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, lipewe siku kadhaa.

Lakini gundi hii ina mipaka. Ikilowa huachia, na wadudu na panya huipenda. Yafaa kwa ramani, haifai kwa nguzo ya nyumba. Tena ni chakula: kikombe cha unga kwa jamaa yenye njaa ni mlo. Kwa hiyo ipikwe ya kutosha kazi ya siku moja tu, maana ikilala siku mbili huchacha.

Wakimbizi waliouza alumini hawakukosa busara. Walikuwa na haja. Kosa lilikuwa kuchagua nguzo kwa kutazama nguvu yake, pasipo kumtazama atakayeishika. Vivyo hivyo na gundi: kabla ya kuuliza ipi ina nguvu zaidi, tuulize ni ya kazi gani, mahali gani, na kwa nani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Ni matumaini yetu kwamba walimu wenzetu watalifundisha somo hili kwa Kiswahili, darasani, sufuria ikiwa jikoni na wanafunzi wakiwa na mwiko mkononi.