Kavenoma: Fundo la Damu Lililowapotosha Madaktari kwa Zaidi ya Karne

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, huko Tübingen, Ujerumani, mwanaanatomia Hubert von Luschka alieleza kitu alichokikuta katika ubongo wa maiti: fundo la vijishimo vilivyojaa damu, vimesongamana kama tunda la forosadi. Mwongo mmoja baadaye Rudolf Virchow akayaingiza mafundo ya aina hiyo katika kazi yake kubwa kuhusu uvimbe. Humo yakakaa jirani na saratani, ingawa hayana ukoo nayo.

Kavenoma ni mishipa midogo iliyotanuka, yenye kuta nyembamba na damu iendayo polepole mno. Haisambai mwilini wala haili ubongo. Ila huvuja, na ikivuja huleta kifafa, maumivu ya kichwa, pengine kupooza upande mmoja. Dalili hizo hizo ndizo za uvimbe wa ubongo, na hapo ndipo wagonjwa walipoponzwa.

Mwaka 1927, Egas Moniz wa Lisbon alidunga dawa kwenye mishipa ya shingo, akapiga eksirei, na mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ikaonekana. Inashangaza kwamba kipimo kilichobuniwa kuonyesha mishipa kiliikosa kavenoma, ambayo ni mishipa mitupu. Dawa ile hufuata damu iendayo kasi. Ndani ya kavenoma damu karibu imetuama. Mwaka 1928 Walter Dandy, na kwa upande wao Harvey Cushing na Percival Bailey, walichapisha maelezo ya uvimbe wa mishipa ya ubongo, lakini kwa kavenoma hakikuwapo kingine cha kutegemea zaidi ya kufungua fuvu na kutazama.

Kipimo cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971, kilionyesha doa. Doa la nini? Hakikuweza kusema, na daktari mwangalifu alilazimika kushuku uvimbe.

Jibu lilitokana na chuma. Damu ikivuja huacha madini ya chuma kwenye ubongo, na MRI, inayofanya kazi kwa sumaku, huyaonyesha kama duara jeusi kulizunguka fundo. Mwaka 1987 Daniele Rigamonti na wenzake walieleza sura hiyo. Mwaka uliofuata wakaonyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa katika baadhi ya familia. Jeni ya kwanza inayohusika, KRIT1, ilitambuliwa mwaka 1999.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 1998, Florence Griffith Joyner, mwanamke aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 10.49, alifariki usingizini kwa kifafa akiwa na miaka 38. Uchunguzi wa maiti ulikuta kavenoma.

Takriban mtu mmoja kati ya 200 anayo, na wengi hawatapata dalili maishani. Kwa hiyo wengi huachwa na kufuatiliwa kwa MRI. Wanaofanyiwa upasuaji ni wale wanaovuja damu mara kwa mara, au ambao kifafa chao kimeshinda dawa.