Liwali Mwema katika Dola ya Hispania

Katika karne ya 13, Mfalme Alfonso X wa Castilla, katika kitabu cha sharia kiitwacho Siete Partidas, aliamuru kwamba hakimu amalizapo muda wake asiondoke katika mji aliouhukumu, bali akae humo siku 50, ili kila aliyedhulumiwa naye apate kumshitaki mbele ya watu. Wahispania walipovuka bahari wakazimiliki nchi za Meksiko na Peru, waliichukua desturi hiyo pamoja nao, nayo, kwa jina la residencia, ikadumu huko karne baada ya karne. Wengi wetu tusikiapo habari za dola ile hukumbuka upanga na fedha ya migodi ya Potosí, na ni haki tukumbuke, kwani damu iliyomwagika haifutiki. Lakini ndani ya dhuluma ile mlikuwamo pia watu waliofikiri kwa bidii juu ya sifa zimpasazo mtu apewaye amana ya kuwatawala wengine, na fikira zao zastahili kujulikana.

Msingi wa fikira hizo ulikuwa umbali. Mfalme alikaa Hispania, na waraka wake ulichukua miezi mingi kuifikia Lima, mji mkuu wa Peru, hata Baraza la Indias, lililoasisiwa mwaka 1524 ili kuzisimamia nchi za ng'ambo, lilitawala watu lisiopata kuwaona. Na kwa kuwa wanazuoni wa dini walimfundisha mfalme kwamba ataulizwa na Mungu juu ya kila raia aliyeonewa kwa jina lake, aliyetumwa huko alihesabiwa kuwa amebeba dhamiri ya mfalme mabegani mwake. Kwa hiyo liwali mwema alitakiwa awe mgeni na abaki mgeni: asifanye biashara, asimiliki shamba, asiwe baba wa ubatizo wa mtoto wa raia wake, wala asihudhurie arusi zao. Mwaka 1575 Mfalme Philip II aliwakataza makamu wake na mahakimu wa mabaraza makuu, yaani Audiencia, wasioe wala wasiwaoze watoto wao katika nchi walizozihukumu pasipo idhini yake, na mwenye kuasi apoteze cheo. Mwanasharia Juan de Solórzano Pereira, aliyekuwa hakimu Lima tangu 1610 hata 1627, alizieleza kanuni hizi kwa ufasaha mkubwa katika kitabu chake Política Indiana cha mwaka 1647. Naye mwenyewe alikuwa ameoa kulekule Peru, jambo lionyeshalo jinsi ilivyo vigumu kumtaka binadamu aishi miaka 17 kati ya watu bila ya kuwa mmoja wao.

Residencia yenyewe ilianza kwa mbiu. Mpiga mbiu alitangaza kwamba fulani amemaliza kazi, na kwamba mwenye dai, awe Mhispania au mwenyeji, na aje. Na katika miji ya wenyeji tangazo lilitakiwa lisomwe kwa lugha yao. Hakimu aliyeteuliwa aliwahoji mashahidi kwa siri kwanza, ndipo akayapokea mashitaka ya hadhara, na aliyepatikana na hatia alitozwa faini au akanyimwa vyeo. Upungufu wake ulikuwa dhahiri, kwa sababu mara nyingi hakimu huyo alikuwa ndiye anayeingia katika kiti kilekile, naye alijua kwamba siku moja atahitaji rehema kama hiyo. Hata hivyo haikuwa mchezo. Nuño de Guzmán, rais wa Audiencia ya kwanza ya Meksiko, aliyewatesa wenyeji na kuwauza utumwani, alikamatwa mwaka 1537 na hakimu aliyetumwa kumfanyia residencia, akarudishwa Hispania asishike tena utawala wowote. Na miongoni mwa waliotumwa kuiondoa Audiencia yake alikuwamo Vasco de Quiroga, aliyefika mwaka 1531, akatumia mali yake kuwajengea wenyeji kijiji cha Santa Fe, chenye hospitali na mashamba ya shirika.

Lakini je, utiifu ndio wema? Mwaka 1542 mfalme wa wakati huo alitoa Sharia Mpya za kuwazuia mabwana wa encomienda, waliopewa wenyeji ili wawatoze kodi na kazi, wasiwarithishe watu hao kwa wana wao. Blasco Núñez Vela, makamu wa kwanza wa mfalme katika Peru, alizitekeleza neno kwa neno, asisikie shauri; mabwana wakaasi wakiongozwa na Gonzalo Pizarro, na Januari 1546 Núñez Vela akauawa vitani karibu na Quito. Katika Meksiko, Antonio de Mendoza, makamu wa mfalme huko, aliona fitina hiyo yaja, akakubaliana na mjumbe wa mfalme kuziahirisha sharia zile, na nchi ikatulia. Kwa kauli ya watawala hao wenyewe, waraka wa mfalme uliweza kutiiwa kwa taadhima bila ya kutekelezwa. Wanahistoria humsifu Mendoza kwa busara, nami siikani busara yake. Ila utulivu ule ulilipiwa na wenyeji, walioendelea kuwatumikia mabwana walewale, na hawakuulizwa.

Aliyeuliza kwa niaba yao alikuwa Felipe Guaman Poma de Ayala, mwenyeji wa Peru, aliyemwandikia Mfalme Philip III kitabu cha kurasa karibu 1,200 chenye picha karibu 400 alizozichora kwa mkono wake, akakikamilisha mnamo mwaka 1615. Humo amewachora wanyama sita waogopwao na maskini, na wa kwanza wao, nyoka, ndiye corregidor, liwali wa wilaya. Kwake yeye liwali mwema hakupimwa kwa kutokuwa na jamaa, bali kwa hali ya kijiji baada ya kupita kwake, kama watu wangali wamo na mazao yao ghalani. Kitabu hicho kilionekana mwaka 1908 katika maktaba ya Copenhagen.

Kilichoyaharibu yote ni hazina. Dola ilipofilisika kwa vita, ilianza kuuza vyeo: vya hazina mwaka 1633, vya corregidor mwaka 1678, na mwaka 1687 hata viti vya mahakimu wa Audiencia. Aliyenunua cheo kwa deni alilazimika kulirejesha deni lake kutoka kwa raia, akiwashurutisha wanunue nyumbu na vitambaa kwa bei ya juu kupita kiasi; na katika miaka ya 1750 mfalme aliihalalisha biashara hiyo hiyo iliyokatazwa na sharia za kale. Hapa namlaumu mfalme kuliko liwali, kwani aliyeuza amana hawezi kumdai mnunuzi uaminifu. Novemba 1780 Túpac Amaru II, mwenyeji wa Peru aliyeongoza uasi juu ya dhuluma hiyo, alimnyonga corregidor Antonio de Arriaga hadharani huko Tungasuca, na vita vilivyofuata vikaangamiza maelfu. Mwaka 1784 vyeo vya corregidor vikafutwa Peru, miaka 169 tangu Guaman Poma alipomwandikia mfalme.