Ugomvi wa NME: Magitaa na Hip Hop

Gazeti la New Musical Express, ambalo wasomaji wake hulijua kwa jina la NME, lilianza kutoka London mwaka 1952. Mwaka huohuo likachapisha orodha ya kwanza ya Uingereza ya santuri zinazouzwa sana. Ya miaka thelathini iliyofuata tuyaache. Ugomvi ulishika moto katikati ya miaka ya 1980, Ian Pye alipopokea uhariri kutoka kwa Neil Spencer, huku mauzo yakishuka.

Kambi za waandishi zilikuwa mbili. Moja ilitetea indie, yaani bendi za magitaa zilizorekodi kwa kampuni ndogo zinazojitegemea. Kipenzi chao kilikuwa The Smiths, hata wenye mzaha wakasema herufi M katika NME ni ya Morrissey, mwimbaji wa bendi hiyo. Kambi ya pili, akina Stuart Cosgrove na Paolo Hewitt, sikio lao lilikuwa kwa soul na hip hop ya Marekani.

Mwaka 1986 gazeti lilishirikiana na kampuni ya Rough Trade kutoa kanda ya C86. Ilikuwa na bendi 22, Primal Scream wakiwamo, na jina la kanda likageuka jina la mtindo mzima. Mwaka huohuo The Smiths walitoa "Panic", wimbo wa kuwalaani ma-DJ, na wapo waliousikia kama tusi kwa muziki wa dansi wa Weusi. Morrissey mwenyewe hakuzima moto: Septemba aliliambia Melody Maker, gazeti shindani, kwamba kuna njama ya kuupendelea muziki wa Weusi, na reggae akaikashifu. Tangu hapo mabishano ya ladha yakawa mabishano ya rangi. Tukumbuke lakini kwamba waandishi waliokuwa wakibishana, pande zote mbili, wengi wao walikuwa Wazungu.

Mwaka 1987 wenye gazeti, kampuni ya IPC, walimkabidhi Alan Lewis usukani ili aliokoe, nalo likaegemea magitaa. Ungedhani hip hop imekwisha kazi humo ndani. Basi tazama kura za waandishi: albamu bora ya mwaka 1987 ilikuwa ya kundi la hip hop la Public Enemy, na ya 1988 ikawa ya Public Enemy tena. Kwa maoni yangu, magitaa yalibaki na nyumba, hoja ikachukuliwa na hip hop.

Wenye nyumba, yaani watu wa magitaa, hawakukubali upesi, hata nje ya NME. Jay-Z alipopangwa kuwa msanii mkuu wa tamasha la Glastonbury mwaka 2008, Noel Gallagher wa bendi ya magitaa ya Oasis alisema hadharani kwamba hip hop haifai pale. Jay-Z akapanda jukwaani na gitaa begani, akafungua onyesho kwa wimbo wa Oasis.