Mjadala wa Vita vya Pwani katika Bunge la Ujerumani (1889)

Mjadala wa Vita vya Pwani ulifanyika katika Bunge la Ujerumani mjini Berlin mwezi Januari 1889. Wabunge walibishana kama serikali ya Bismarck ilikuwa na haki ya kupeleka jeshi kwenye pwani ya Tanzania bara ya leo, na vita hivyo vingemfaidi nani. Serikali ilisema inakomesha biashara ya watumwa. Wapinzani walisema inaiokoa kampuni.

Chanzo

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa forodha wa pwani, kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma. Moa, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Mkinga karibu na mpaka wa Kenya, ilijikuta ndani ya mkataba huo sawasawa na Tanga na Pangani. Wenyeji hawakuulizwa.

Kampuni ilianza kazi mwezi Agosti. Wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, alimdharau liwali na kulazimisha bendera ya kampuni ipandishwe. Watu waliinuka chini ya Abushiri bin Salim, na huko Saadani chini ya Bwana Heri. Mwezi Septemba manowari Möwe iliipiga Tanga kwa mizinga. Kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Hoja za pande mbili

Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhubiri dhidi ya utumwa. Serikali ilipata hapo hoja iliyokubalika hata kwa watu wasiopenda makoloni. Ludwig Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki, aliiunga mkono kwa sababu hiyo. Vita vyenyewe viliitwa "uasi wa Waarabu", yaani wafanyabiashara ya watumwa waliokuwa wakitetea biashara yao. Jina hilo halikuwa sahihi: Bwana Heri alikuwa Mzigua, na walioshika silaha wengi walikuwa Waswahili, Wabondei na watu wengine wa pwani na bara yake.

August Bebel wa chama cha Wasoshalisti alipinga vikali. Kwake, utumwa ulikuwa kisingizio, na kampuni ilikuwa kikundi kidogo cha mabepari waliotaka dola iwalindie faida yao. Waliberali kama Ludwig Bamberger walihoji gharama: kwa nini mlipakodi abebe hasara ya watu binafsi? Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa marehemu Kaisari Wilhelm wa Kwanza naye aliwekeza mark 500,000 katika kampuni hiyo.

Hata hivyo bunge liliidhinisha mark milioni 2, na Hermann von Wissmann akatumwa na askari waliokodiwa Misri na Msumbiji. Aliteka Pangani na Tanga mwezi Julai 1889. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Serikali ilirudi bungeni kuomba fedha zaidi.

Kuhusu utumwa, utawala wa Kijerumani haukuupiga marufuku. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto waliozaliwa na watumwa kuanzia 1906 tu. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922.

Mikataba baada ya vita

Ujerumani iliununua ukanda wa pwani kwa mark milioni 4 alizolipwa Sultani. Kwa mkataba wa tarehe 20 Novemba 1890, kampuni ilikopa mark 10,556,000, sehemu yake ikiwa ya malipo hayo, na dola ikaahidi kuipa mark 600,000 kila mwaka kutoka ushuru wa forodha. Kwa maneno mengine, deni lililipwa kwa ushuru wa bidhaa zilizopita bandarini, yaani na watu walewale waliopigwa. Kampuni ilivuliwa utawala kuanzia 1891, lakini ilibaki na haki juu ya ardhi isiyo na mwenyewe, haki ya kutoa sarafu, na kipaumbele katika ujenzi wa reli.

Kampuni ya reli iliundwa mwaka 1891, ujenzi ukaanza Tanga mwaka 1893. Njia ilifuata mashamba ya walowezi kuelekea Usambara. Moa na vijiji vya kaskazini havikuguswa. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, fedha zikaisha, na mwaka 1899 serikali ikainunua.